Namna ya Kuwaandaa Wataalamu wa Wadudu Kushiriki katika Utungaji wa Sera

Nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, muda wa kuchukua uamuzi ulio rahisi na wa gharama ndogo ulikuwa umekwisha kupita. Vimbunga viwili vya mwaka 2018, Mekunu na Luban, vilileta mvua katika jangwa la Rub' al Khali, kwenye mipaka ya Omani, Yemeni na Saudi Arabia, na nzige wakazaliana humo kizazi baada ya kizazi bila kudhibitiwa. Katika mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikuwa likitoa taarifa za makundi yaliyotoka Yemeni na kuvuka maji kuingia Somalia na Ethiopia. Kwa makadirio ya shirika hilo, kundi linalofunika kilomita moja ya mraba linaweza kula kwa siku chakula cha kuwatosha watu 35,000. Taarifa, basi, hazikukosekana. Kwa maoni yangu, waliopungua ni watu wanaomfahamu mdudu huyo vizuri na ambao pia wanajua ni ofisi gani, na katika mwezi gani, inayoweza kutenga fedha za dawa, magari na mafuta ya ndege kabla shamba la kwanza halijaliwa.

Watu wa namna hiyo huandaliwa. Mwongozo huu umekusudiwa wakuu wa idara za vyuo vikuu, taasisi za utafiti na vyama vya kitaaluma nchini Kenya na Tanzania wanaotaka kuwafundisha wataalamu wa wadudu kazi ya utetezi wa sera, yaani kumpelekea mwenye mamlaka pendekezo mahususi lenye ushahidi na kulifuatilia mpaka lijibiwe. Chama cha Wanaentomolojia, yaani wataalamu wa wadudu, cha Marekani kimekuwa na programu ya aina hiyo tangu mwaka 2014, ambamo kila anayechaguliwa hutumikia kwa miaka 2 na kupelekwa Washington kukutana na wabunge na watendaji wao. Yafaa kuazima kutoka kwao urefu wa muda, kwa sababu mtu hajifunzi kazi hii katika warsha ya siku tatu. Mengine hayana budi kutungwa hapa, kwa kuwa Dodoma, Nairobi, Zanzibar na makao makuu ya kaunti yana milango yake, na milango hiyo haifunguki kwa namna ya Washington.

Uamuzi mmoja ulio hai

Warsha nyingi huharibika kwa kuanza na mada: siku ya kwanza muundo wa Serikali, siku ya pili mawasiliano, siku ya tatu vyombo vya habari, na jioni vyeti na picha ya pamoja. Washiriki huondoka na daftari lililojaa, lakini ukiwauliza wiki inayofuata watampigia nani simu na wamwambie nini, hawana jibu. Mratibu anayetaka matokeo aanze upande wa pili. Atafute uamuzi mmoja ambao kweli unakaribia kufanywa, unaohusu wadudu, na mafunzo yote yajengwe juu yake, ili kila somo la muundo wa Serikali au la uandishi lifundishwe kwa sababu suala lenyewe limelihitaji siku hiyo.

Chukua mfano wa dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu inayotengenezwa Kibaha, mkoani Pwani, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda hicho na kuzitaka halmashauri zinunue dawa hiyo. Kuanzia hapo swali lilitoka maabara likaingia katika vitabu vya bajeti vya halmashauri: zinunuliwe lita ngapi, zipulizwe wapi, nani apulize na kila baada ya muda gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unaeleza kwamba njia hii inafaa pale ambapo mazalia ya mbu ni machache, hayahamihami na yanaweza kupatikana. Mji wenye mifereji na mabwawa yanayojulikana unaweza kunufaika sana, ilhali wilaya ambayo maji hutuama kila mahali wakati wa masika, hata katika nyayo za ng'ombe, inaweza kumaliza fedha zake bila kupunguza mbu wa kutosha. Tofauti hiyo hakuna awezaye kuieleza mbele ya baraza la madiwani vizuri kuliko mtaalamu aliyekwisha kuchota viluwiluwi kwa upawa katika madimbwi ya eneo lenyewe. Suala kama hilo linafaa kwa mafunzo kwa sababu lina mwamuzi anayejulikana, kifungu cha fedha, tarehe, na jambo ambalo sayansi ya wadudu inalijua na diwani bado hajaambiwa.

Masuala mengine hayapiti bungeni wala katika baraza lolote. Mwaka 2017 Shirika la Viwango la Kenya lilitoa kiwango cha bidhaa za wadudu waliokaushwa zinazotumika katika vyakula vya mifugo, na kwa hatua hiyo wafugaji wa nzi askari mweusi na watengenezaji wa chakula cha kuku wakapata kipimo cha kisheria cha kufanyia biashara. Viwango hutungwa katika kamati za kiufundi zinazohitaji wataalamu, ambako mtu mmoja aliyejiandaa huweza kubadilisha sentensi nzima ya hati. Huo ni mlango usio na kelele, na mara nyingi ndio unaomfaa mtafiti anayeanza.

Suala lisilofaa ni lile pana lisilo na mwenyewe. “Kulinda wadudu wachavushaji” ni jambo jema ambalo hakuna mbunge atakayelipinga, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna atakayelifanyia kazi. Likishushwa hadi kwenye maandishi ya lebo ya kiuatilifu fulani, yanayomkataza mkulima kupuliza mchana wakati mazao yamechanua, linakuwa na ofisi inayohusika, hati inayobadilishwa na swali ambalo mtaalamu wa nyuki anaweza kulijibu kwa ushahidi.

Washiriki

Kundi la watu 10 hadi 15 linatosha. Lichanganye watafiti wa chuo kikuu, maofisa wa udhibiti wa mbu wa kaunti au halmashauri, na angalau ofisa ugani mmoja, ambaye mara nyingi ndiye pekee katika chumba kizima aliyewahi kumweleza mkulima mwenye hasira kwa nini dawa haikufanya kazi. Wasichaguliwe wasemaji hodari peke yao, kwani mtu mkimya anayejua kuandika barua safi na kukumbuka tarehe ana thamani kubwa katika kazi hii. Ni vizuri pia kundi liwe na watu wawili wasiokubaliana juu ya suala lililochaguliwa, mmoja akiamini, kwa mfano, kwamba fedha ziende kwenye vyandarua na mwingine kwenye mazalia ya mbu, maana hoja zitakazoulizwa na kamati zitaanza kujitokeza darasani. Jambo la lazima ni kila mshiriki aje na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri wake. Sababu yake itaelezwa chini.

Ramani ya mamlaka na kalenda

Hapa ndipo muda mwingi wa mafunzo unapostahili kutumika, kwa sababu hapa ndipo wanasayansi wengi hupotea. Mdudu mmoja hugawanywa na sheria vipande vingi. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017, ni mfano mzuri. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaiachia Serikali ya Taifa sera ya kilimo, na kuzipa kaunti kilimo cha mazao, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama; usajili wa dawa yenyewe uko mikononi mwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Mtaalamu anayemwomba gavana asajili dawa mpya amekosea mlango, na yule anayemwomba waziri apeleke maofisa ugani kijijini amekosea vilevile. Nchini Tanzania usajili na udhibiti wa viuatilifu ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, wakati utekelezaji shambani uko chini ya halmashauri. Kwa upande wa Zanzibar, kilimo na afya si mambo ya Muungano, kwa hiyo pendekezo linalohusu Unguja au Pemba huelekezwa kwenye wizara za Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi.

Milango hiyo pia haifuati majina tunayoyatarajia. Mwaka 2019 Gladys Boss Shollei, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha katika Bunge la Taifa la Kenya ombi la kutaka viuatilifu vyenye madhara viondolewe sokoni. Ombi hilo lilishughulikiwa na Kamati ya Afya, ingawa mtu angeweza kudhani litakwenda kwa ile ya Kilimo. Mtaalamu wa wadudu waharibifu wa mazao aliyekuwa amezoeana na wajumbe wa Kamati ya Kilimo peke yao hakuwa na msaada mkubwa siku hiyo. Washiriki wasomeshwe mfano huu pamoja na Ibara ya 118 ya Katiba, inayolitaka Bunge lihakikishe wananchi wanashiriki katika kazi zake, na Ibara ya 119, inayompa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka ya Bunge.

Baada ya ramani inafuata kalenda. Mwaka wa fedha katika nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai, na kila jambo linalohitaji fedha hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Nchini Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya bajeti ya taifa hufika bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, mkakati wa fedha wa kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Juu ya yote hayo upo mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka 5. Jambo ambalo halikutajwa humo hupata shida kubwa kupewa fedha baadaye. Nchini Tanzania mipango huanzia mitaani na vijijini, hupanda kupitia kamati ya maendeleo ya kata hadi kwenye baraza la madiwani, na kamati za kudumu za Bunge huipitia bajeti za wizara kabla ya mkutano wa bajeti wa Dodoma, unaoanza Aprili na kumalizika Juni. Mtafiti anayejitokeza mwezi Mei na pendekezo zuri la kununua mitego ya kunasia wadudu atasikilizwa kwa heshima na kupewa chai, lakini fedha zimekwisha kugawanywa.

Ramani na kalenda visitolewe na mkufunzi vikiwa tayari. Washiriki wagawanywe wawili wawili, na kila jozi iende kwenye ofisi halisi kuuliza: nani huandika rasimu ya kwanza ya bajeti ya udhibiti wa mbu, humpelekea nani, na ni lini hawezi tena kuibadilisha. Watagundua wenyewe kwamba mtu mwenye uzito mara nyingi hayumo katika picha za magazeti. Ni katibu wa kamati, ambaye hupanga nani aitwe na huandaa rasimu ya ripoti. Ni mchambuzi katika ofisi ya bajeti. Ni mkuu wa idara ya kilimo wa halmashauri. Wenyeviti hubadilishwa na wabunge huanguka katika uchaguzi, lakini katibu aliyepata kusaidiwa na mtaalamu mkweli humkumbuka hata baada ya miaka. Ningelazimika kuchagua uhusiano mmoja wa kujenga katika mwaka mzima wa mafunzo, ningechagua huo.

Ukurasa mmoja

Kila mshiriki aandike muhtasari wa sera usiozidi ukurasa mmoja juu ya suala lililochaguliwa, na auandike upya hadi mtu asiyesoma biolojia aweze kusema kwa sentensi moja anaombwa nini. Uandikwe pia kwa lugha itakayotumika kikaoni. Mtu aliyesoma sayansi yote kwa Kiingereza anahitaji muda wa kujizoeza kuieleza kwa Kiswahili mbele ya kamati ya Bunge la Tanzania, na muda huo usiachwe hadi asubuhi ya kikao.

Ufuatao ni mfano wa kufundishia. Rasimu ya kwanza ya mtafiti kwa kawaida huwa hivi: “Utafiti huu ulilenga kuchunguza uwepo na msambao wa Anopheles stephensi katika maeneo teule ya mijini kwa kutumia mbinu za kimofolojia na kimolekuli. Matokeo yanaashiria kwamba spishi hii inaweza kuwa na mchango katika uambukizaji wa malaria mijini, hivyo utafiti zaidi unahitajika na wadau wote wanashauriwa kuchukua hatua stahiki.” Hakuna kosa la kisayansi ndani yake, na hakuna kinachoweza kufanyika baada ya kuisoma. Mkufunzi aulize: wadau wepi, hatua ipi, kabla ya tarehe gani, kutoka kifungu kipi cha fedha?

Baada ya maswali hayo andiko huanza kufanana na hili: “Tunaiomba Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti iingize katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha kifungu cha ukaguzi wa matangi na mapipa ya maji mjini, mara moja kila mwezi. Mbu wa malaria aina ya Anopheles stephensi, anayezaliana katika vyombo vya kuhifadhia maji, ametangazwa kuwa amebainika Marsabit. Nchini Djibouti, ambako alibainika mwaka 2012, wagonjwa wa malaria waliongezeka kutoka 27 mwaka huo hadi zaidi ya 73,000 mwaka 2020. Hatujui bado kama mbu huyu amefika katika mji wetu, na ukaguzi tunaouomba ndio utakaotueleza.”

Andiko hili la pili linahitaji kuchambuliwa darasani taratibu. Ombi limetangulia, kwa sababu msomaji mwenye majalada 30 mezani huenda asifike mwisho. Takwimu ni moja tu, na inabeba uzito wote. Lakini takwimu hiyo ina mtego: je, ongezeko lote la Djibouti limesababishwa na mbu huyo peke yake? Mwandishi mwangalifu hadai hivyo, bali anasema kwamba mambo hayo mawili yameandamana, na awe tayari kulikiri hilo akiulizwa. Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo washiriki wengi hutaka kuifuta, wakihofu kwamba kukiri kutojua kutaidhoofisha hoja. Ibaki. Pendekezo linaomba fedha za kutafuta, na haliwezi kudai kwamba kinachotafutwa kimekwisha kupatikana. Zaidi ya hayo, mjumbe mmoja akigundua baadaye kwamba alidanganywa, mlango utafungwa kwa wataalamu wote watakaofuata.

Kikao cha majaribio

Maandalizi ya kuzungumza yafanywe mbele ya watu wasio wanasayansi. Diwani mstaafu, katibu wa kamati aliye likizoni, mwandishi wa habari na mkulima wanatosha kuunda kamati, wakae upande mmoja wa meza ndefu na mshiriki peke yake upande wa pili. Apewe dakika 5. Akifika ya pili, mwenyekiti amkatishe na kumwambia kwamba kamati imechelewa na amalizie kwa dakika moja, kwa sababu hilo litamkuta kweli. Asiyejua kulifupisha ombi lake papo hapo hajalielewa bado. Adabu za kikao nazo zifanyiwe mazoezi mpaka ziwe mazoea: jibu huelekezwa kwa mwenyekiti hata kama swali limetoka kwa mjumbe mwingine, na mjumbe hasahihishwi kama mwanafunzi hata pale alipochanganya viroboto na kunguni.

Maswali yaandaliwe mapema, nayo yawe magumu kwa namna ambayo wanasiasa huuliza. Mojawapo linaloshinda mengine kwa kufundisha ni hili: “Mtaalamu, tumesikia Unguja mbung'o waliisha kabisa. Huku kwetu bara mnashindwa nini?” Habari yenyewe ni ya kweli. Mbung'o wa Unguja, nzi wanaonyonya damu na kueneza ugonjwa kwa mifugo, walipunguzwa kwanza kwa dawa juu ya ng'ombe na vitambaa vyenye dawa, kisha madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa, ili majike yanayopandwa nayo yasizae, yakamwagwa kwa ndege kati ya mwaka 1994 na 1997, na kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Mshiriki asiyejiandaa atafanya moja kati ya mambo mawili: ataanza kueleza jenetiki ya utasa kwa dakika kumi, au ataahidi kwamba inawezekana na bara kama fedha zitapatikana. Jibu linalotakiwa ni fupi. “Mheshimiwa Mwenyekiti, Unguja ni kisiwa, na ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Bara mbung'o wataingia tena kutoka pori la jirani, na aina ni zaidi ya moja. Kwa hiyo tunachoomba hapa ni kuwapunguza karibu na mifugo na kuendelea kuwapunguza kila mwaka, na gharama yake tumeiweka katika muhtasari ulio mbele yenu.” Jibu la namna hii limekataa matumaini ya uongo, limetoa sababu ambayo kila mjumbe anaiona, na limewarudisha wote kwenye ombi.

Swali la pili la kufanyia mazoezi linahusu wanasayansi kubadili kauli. Kwa miaka mingi vyandarua vilivyosifiwa ni vile vyenye dawa ya kundi la pairethroidi peke yake. Mwaka 2017 WHO ikaunga mkono kwa masharti vile vilivyoongezwa PBO, kiambato kinachoirudishia dawa hiyo nguvu dhidi ya mbu sugu, na Machi 2023 ikapendekeza vyenye klorofenapiri, dawa ya kundi jingine, pamoja na pairethroidi. Mjumbe atauliza, na ana haki, kwa nini kaunti au wizara inunue chandarua cha bei ya juu zaidi wakati kile cha zamani kilisifiwa na wataalamu hao hao. Mshiriki ajifunze kujibu bila kujitetea: mbu wamejenga usugu, na kile kilichokuwa kweli dhidi ya mbu wa wakati ule kimepungua nguvu dhidi ya mbu wa sasa. Ikiwa ana vipimo vya usugu vya wilaya hiyo hiyo, ndipo mahali pa kuvitaja. Asipokuwa navyo, aseme vipimo vya karibu vilifanyika wapi.

Kila kikao kirekodiwe kwa simu na mshiriki ajitazame akiwa peke yake kabla ya kusikia maoni ya wenzake. Inauma, lakini ni jioni moja tu.

Mipaka ya kazi hii

Wanasayansi wengi hukwepa utetezi wa sera kwa kuogopa kupoteza sifa ya kutoegemea upande. Hofu hiyo ina msingi na haifai kubezwa. Njia inayosaidia ni kumzoeza mshiriki kutenganisha waziwazi, katika maandishi na katika mazungumzo, mambo matatu: lililothibitishwa na utafiti, lile ambalo yeye kama mtaalamu anakisia, na lile analoliomba. Kwamba mbu fulani ana usugu ni la kwanza. Kwamba usugu huo utaongeza wagonjwa mwaka ujao ni la pili. Kwamba fedha zihamishwe kutoka barabara kwenda vyandarua ni la tatu, na katika hilo la tatu mtaalamu wa wadudu ana sauti moja kama raia wengine, kwa kuwa hajasomea barabara.

Nafasi ya mwajiri nayo iwekwe wazi. Mtafiti wa taasisi ya Serikali anaweza kuitwa na kamati kwa barua rasmi na kujibu kila anachoulizwa, lakini akienda kwa hiari yake kulipinga pendekezo la wizara yake anahitaji kujua kanuni za utumishi zinasema nini. Ndiyo sababu ya ile ruhusa ya maandishi. Kwa Tanzania, washiriki waisome pia Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho ya 2018, yaliyobana utoaji wa takwimu zinazopingana na zile rasmi, na ya 2019, yaliyolegeza masharti hayo. Anayeijua sheria huandika kwa ujasiri zaidi kuliko anayeiogopa kwa kusikia.

Linalobaki ni fedha. Swali la “wewe unalipwa na nani?” litaulizwa, hasa katika mambo ya viuatilifu, ambako kampuni za kuuza dawa na mashirika yanayozipinga yote hugharimia tafiti, safari na warsha. Mshiriki ataje ufadhili wake mwenyewe, mwanzoni kabisa, kabla ya kuulizwa. Wafadhili wa mafunzo yenyewe wafuate kanuni hiyo hiyo, na mfadhili mwenye biashara inayoguswa na uamuzi uliochaguliwa aombwe kusubiri suala jingine. Kadhalika, miezi ya kampeni za uchaguzi si wakati wa kupeleka mapendekezo kwa wagombea mmoja mmoja, kwani picha moja jukwaani hutosha kumpa mtafiti rangi ya chama kwa miaka yote mitano.

Baada ya darasa

Kipindi cha kufundishana kwa pamoja kinaweza kuwa wiki moja, lakini programu iendelee walau kwa mzunguko mmoja kamili wa bajeti, na ikiwezekana miwili, ili mshiriki apate kuona pendekezo lake likikataliwa, likirekebishwa na kurudishwa. Kila mmoja awe na mlezi aliyewahi kufanya kazi ndani ya Serikali, wazungumze mara moja kwa mwezi, na mazungumzo yahusu hatua iliyofuata: nani ameandikiwa, amejibu nini, mkutano ujao ni lini. Mualiko wa kamati huweza kufika siku chache tu kabla ya kikao, kwa hiyo muhtasari wa ukurasa mmoja, wasifu mfupi na takwimu za karibuni vikae tayari wakati wote na vihuishwe kila msimu wa utafiti.

Idadi ya waliopata vyeti haimwambii mratibu chochote. Atazame ripoti ya kamati, rekodi za mijadala ya Bunge au baraza, na kitabu cha makadirio, kisha aulize kama sentensi iliyopendekezwa imo, imo kwa kiasi gani, na kama fedha zilizotengwa zilitoka kweli, maana kifungu chenye fedha katika kitabu na fedha kufika kituoni ni mambo mawili. Pale pendekezo lililokataliwa lilikataliwa kwa sababu nzuri, hilo nalo liandikwe bila haya.

Yote hayo yatunzwe katika jalada moja la suala: ramani ya mamlaka, tarehe, barua zilizotumwa na majibu yake, rasimu zote za muhtasari. Kundi linalofuata likabidhiwe jalada hilo siku ya kwanza, litambulishwe kwa katibu wa kamati, na lipewe orodha ya maswali ambayo kundi la kwanza lilishindwa kuyajibu kikaoni, ili kazi yake ya shambani na ya maabara ya mwaka huo ianzie hapo.